Jimbo Kiganjani Mwangu

Jumatatu, 6 Mei

Njama! Hakuna neno jingine. Nimepigiwa simu na Mwalimu Kinnunen wa darasa la nne, kwa sauti ya upole. Nikajua kuna jambo, maana mwalimu huyu hana kawaida ya upole. Anasema kamati ya wazazi imekaa. Wanaona mwaka huu Siku ya Jimbo, ile ya kuwafundisha watoto maziwa yetu, misitu yetu na waliotutangulia, ingefaa aishike Bernadine Lisowski.

Bernadine! Mkutubi mstaafu! Mwanamke anayepanga viungo vyake vya jikoni kwa alfabeti!

Nikamkumbusha mwalimu kwamba siku hiyo aliianzisha marehemu mke wangu, Wilma, akifundisha darasa hilohilo, na tangu afariki ninaishika mimi. Akasema wanajua. Akasema pia wanaukumbuka mlingoti wa bendera. Basi! Mtu ukiangusha mlingoti mmoja, tena kwa msumeno wa kihistoria, tena upepo ndio uliousukuma, utasemwa mpaka kaburini.

Ningewaachia, lakini mwaka huu Hattie yuko darasa la nne. Mjukuu wangu wa pekee. Amehamia hapa Alder Bend mwezi uliopita na mama yake, binti yangu Corinne, baada ya ile ndoa ya kule Detroit kuvunjika. Tangu afike ananijibu "ndiyo" na "hapana", na hapana ndizo nyingi. Darasa la nne mtoto hupita mara moja. Nataka siku hiyo anione na kofia yangu na shati langu jekundu la mirabaraba, aseme mbele ya wenzake kwamba yule ni babu yake. Sitaki kingine.

Nilipaza sauti kidogo kwenye simu. Mwalimu akalegea. Ijumaa ya wiki ijayo kila mmoja wetu atapewa nusu ya siku, kisha kamati itaamua nani aendelee miaka inayokuja. Kwa hiyo nimeshinda tayari.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: gogo.

Bernadine atakuja na ramani, hilo halina ubishi. Mimi nitakuja na damu. Babu wa baba yangu, Harm Bouwsma, alifika hapa kutoka Uholanzi hajui Kiingereza wala kuogelea. Barafu ya kwanza ilipoyeyuka akapanda juu ya magogo ya misonobari, akayashusha mtoni mpaka ziwani. Watoto wamwone Harm akiwa hai! Nitasimama juu ya gogo kwenye bwawa la jirani, nilizungushe kwa miguu, huku nikieleza biashara ya mbao.

Nimefanya mazoezi leo. Nilisimama. Bata wawili ni mashahidi. Kisha gogo likazunguka upande ambao hatukuwa tumekubaliana. Maji ya Mei hapa kwetu ni barafu iliyobadili jina tu. Tena kabla ya kuyafikia nilikutana na gati la jirani, nikalipiga kwa mkono wa kulia.

Kifundo cha mkono kimevunjika. Corinne alinipeleka hospitali huku akinisomea risala. Eti, Baba, una miaka sitini na nane, si kumi na nane! Eti huyo Harm mwenyewe alikufa juu ya gogo. Nikamwambia Harm alikufa kwa uzee. Akasema alikufa na miaka thelathini, imeandikwa kwenye jiwe lake la kaburi, niende nikasome. Sikuwahi kusogea karibu kiasi hicho.

Hattie alikuwa kiti cha nyuma. Akauliza kama inauma. Swali zima! Nikasema haiumi hata kidogo, kisha gari likaruka shimo nikalia kama mbuzi. Nadhani alicheka. Aligeukia dirishani haraka, sikuweza kuthibitisha.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefungwa hogo la plasta kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Vidole vyenyewe vimechungulia nje, vinaweza kushika penseli na biskuti. Hayo yanatosha kwa mtu mwenye akili.

Na akili imekuja! Imetoka hospitalini. Daktari aliniuliza nilikoangukia, nami nikauinua mkono wa kulia kumwonyesha, kama afanyavyo kila mzaliwa wa Michigan, nikapiga yowe hadi muuguzi akaja mbio. Lakini hapo ndipo penye utamu. Sisi jimbo letu tunatembea nalo, maana lina umbo la kiganja. Unainua kiganja cha kulia mbele ya uso wako: vidole vinne ni kaskazini, gumba ni mashariki kwenye Ziwa Huron, upande wa pili ni Ziwa Michigan. Unaweka ncha ya kidole cha mkono mwingine, unasema nimezaliwa hapa. Hata wanaofahamiana tangu utotoni wanaonyeshana.

Mpango wa pili, basi: kuchora mkono wa kutisha kwa ukubwa! Uwanja mzima wa shule, kwa chokaa ya mistari ya mpira. Watoto watatembea juu ya jimbo lao. Mmoja asimame Detroit, mwingine Lansing, mwingine hapa kwetu. Nimekwisha mpigia mpiga picha wa gazeti, na mkuu wa zimamoto ameahidi gari lenye ngazi ili picha ipigwe kutoka juu. Bernadine na viungo vyake, kwaheri!

Jioni nimechora mfano. Mkono wa kulia uko gerezani, kwa hiyo niliuinua wa kushoto, kiganja kikinitazama, kama nilivyouinua wa kulia maisha yangu yote, nikakinakili vizuri kabisa. Kitu fulani kwenye mchoro kilinisumbua. Nikaona ni njaa. Nikala.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepeleleza. Bernadine anatengeneza ramani ya donge la unga na chumvi, pana kuliko mlango, milima imeinuka, mito ni nyuzi za buluu. Niliiona kupitia dirisha la gereji yake. Aliniona nikiiona. Akatoka, akaniuliza kama nimepotea. Nikasema nilikuwa napita. Akasema gereji yake haina njia ya kupitia, Gerrit, labda kama wewe ni paka.

Lakini nilikuwa na jibu la kijanja. Nikamwambia, kwa wema, kwamba donge halikauki gerejini. Linataka hewa. Linataka baraza, tena wazi, tena siku mbili tatu. Moyoni nikacheka. Kila mtu wa hapa anajua kulungu wanavyopenda chumvi, isipokuwa Bernadine, aliyekulia mjini Grand Rapids katikati ya vitabu.

Akafikiri. Akasema shauri zuri, ila baraza lake lina kivuli. Akauliza, langu je? Langu linapata jua asubuhi na jioni. Kabla sijatunga la kusema, yeye na mpwa wake walikuwa wamekwisha ipakia ramani kwenye pikapu.

Ipo barazani kwangu sasa. Amenishukuru. Amesema hakutegemea ungwana huu kutoka kwangu, na macho yake yalikuwa mazuri aliposema hivyo. Nimekasirika sana.

Jumatatu, 13 Mei

Kulungu! Siku mbili nimekaa barazani na ufagio nikilinda ramani ya adui. Nani atasadiki ni kulungu, ikilambwa nyumbani kwangu? Watasema Bouwsma. Watasema mlingoti.

Alfajiri ya leo nilisinzia kidogo tu. Nilipofumbua macho, kulungu jike alikuwa amesimama juu ya Ziwa Huron akinitazama kwa adabu, gumba lote la jimbo likiwa tumboni mwake. Lote! Mashamba ya viazisukari, minara ya taa, kila kitu. Nikampigia kelele. Akajilamba midomo, akaondoka bila haraka.

Nikaingia jikoni. Unga wa kawaida umekwisha. Kilichokuwepo ni unga wa chapati za maji wenye vanila. Nikaukanda kwa mkono mmoja, nikafinyanga gumba jipya, nikalipaka rangi ya kijani ya pipa la taka. Kwa mbali halina tofauti.

Hattie alipita na mama yake wakati nafinyanga. Akasimama akatazama muda mrefu. Akauliza kwa nini gumba linanukia keki. Nikamweleza yote, sijui kwa nini, hata ile nia yangu mbaya. Akachovya kidole kwenye rangi, akarekebisha pwani ya Huron pale nilipoikosea. Mkono wake una utulivu kama wa Wilma. Kisha akasema mama anangoja, akaenda.

Bernadine alikuja kuchukua ramani jioni. Akainusa. Akanitazama. Akainusa tena. Akasema kitu kuhusu nyani asiyeona kundule, akaondoka nayo.

Alhamisi, 16 Mei

Kazi imekamilika! Mlinzi wa shule ameniazima kigari cha chokaa, nimekisukuma kwa mkono mmoja na tumbo tangu mchana, mchoro nimeushika kwa meno. Ukiwa chini huoni chochote, ni mistari mirefu tu inayopotea kwenye nyasi. Ukubwa wa kazi hauonekani na mfanyakazi. Nimechomeka bendera ndogo kila mji.

Mwalimu Kinnunen alipita akielekea nyumbani. Akauliza swali moja. Rasi ya Juu iko wapi? Yeye amezaliwa huko, kipande cha pili cha jimbo, ng'ambo ya daraja, kwenye shaba na theluji, na watu wa huko wamechoka kusahauliwa. Kwa kawaida tunaiongeza kwa mkono wa pili, ukilazwa juu ya wa kwanza. Nikamwonyesha hogo. Nikamwambia mkono wa pili ni mgonjwa. Akasema watu laki tatu, Mzee Bouwsma, hawawezi kufutwa kwa sababu wewe uliruka kwenye bwawa.

Nimeongeza mstatili. Nimeandika ndani yake SHABA.

Kesho Hattie ataniona. Shati nimelipiga pasi kwa shida, limeungua kidogo mgongoni, hakuna atakayetazama mgongo.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika upesi kabla aibu haijapoa.

Asubuhi ilikuwa ya Bernadine. Watoto waliizunguka ramani yake, wakagusa mito. Alianza na Waodawa, wenyeji wa kwanza wa hapa, njia walizozifungua na mitumbwi yao, kabla ya msumeno wowote. Mimi nilisubiri nyuma nikiwa na kofia. Zamu yangu ilipofika nikaanza na Harm. Mtoto mmoja, Desmond, mwenye meno mengi na heshima haba, akauliza nani alikuwepo kabla ya Harm. Nikasema miti. Bernadine akakohoa. Hattie akasema, bila kunitazama, kwamba tumetoka kuambiwa sasa hivi, ni Waodawa, na bado wapo, mmoja ndiye anayeendesha basi letu la shule. Dereva mwenyewe, aliyekuwa na basi lake nje, akapunga mkono dirishani. Nikampungia hogo.

Haidhuru! Uwanjani! Nikawapanga watoto. Desmond Detroit. Hattie hapa kwetu, katikati, mahali pa heshima. Wazazi pembeni, kamati mstari wa mbele. Ngazi ya zimamoto ikapanda na mpiga picha kileleni. Nikavua kofia, nikatangaza kwamba mbele yao, kwa mara ya kwanza, ni jimbo zima.

Kisha sauti kutoka juu. Mpiga picha anauliza kama ni makusudi. Nikauliza makusudi gani. Akasema, mbona Detroit iko Ziwa Michigan?

Sikuelewa. Nikamwambia ageuze kamera. Akasema kamera haihusiki, mzee, gumba liko magharibi, umelichora jimbo kinyumenyume. Baba mmoja akainua kiganja chake cha kulia kulinganisha. Kisha mwingine. Kisha kamati nzima, mikono juu, wakitazama viganja vyao na uwanja, uwanja na viganja vyao. Nikauinua wangu wa kushoto. Nikauona. Mungu wangu! Kiganja cha kushoto! Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita!

Kicheko kilianza kwa Desmond. Akapiga kelele kwamba babu wa Hattie ameipeleka Detroit kwenye ziwa lisilo lake. Wengine wakapokea. Nilimwona Hattie pale katikati, peke yake na bendera yake, uso umemwiva. Ningejua kuomba ardhi ipasuke ningeomba. Nilitaka aseme mimi ni babu yake, na sasa wamemsaidia kusema.

Hattie akatembea. Nikadhani anaondoka. Alikwenda hadi Detroit, akasimama mbele ya Desmond, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Babu yangu hakukosea. Hivi ndivyo jimbo linavyoonekana ukiwa chini yake. Wachimba shaba wanaliona hivi. Mizizi inaliona hivi. Na waliozikwa. Lala uone, kama hujui."

Akalala kifudifudi juu ya nyasi, shavu chini, macho wazi. Nyasi zilikuwa na unyevu. Desmond akatazama huku na huku. Akalala. Dakika haikupita, darasa zima la nne lilikuwa limelala kifudifudi juu ya Michigan, wakiambizana wanachokiona chini. Mmoja aliona shaba. Mmoja aliona meli iliyozama. Mwalimu Kinnunen alikwenda kwenye mstatili wangu, akalala na yeye, na sketi yake nzuri. Nikamfikiria Wilma alipolala, kule mlimani nyuma ya kanisa. Nikapenga kamasi kwenye shati.

Kisha mvua ikaja, ikaiosha Detroit kwanza. Tukakimbilia banda la vifaa. Mabasi yakangoja ipungue. Sikuwa na kifaa wala mpango, nikakaa juu ya ndoo nikawaambia tu watoto habari za Harm, kwamba nimejua juzijuzi tu alikufa na miaka thelathini, na mkewe akabaki na mtoto mchanga katika nchi asiyoijua lugha yake, na mwanamke wa Kiodawa ndiye aliyemletea samaki majira yale yote ya baridi. Hili la mwisho alinipa Bernadine kwa sauti ya chini, alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuna aliyecheka. Desmond akauliza mtoto huyo alikuja kuwa nani. Nikasema baba wa baba yangu. Maneno ya kujaza muda tu, hayana maana.

Kwenye gari, tukimngoja Corinne, Hattie alikaa mbele pamoja nami. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, mgongo wa mkono ukanitazama mimi. Gumba likaenda mashariki. Akasema, ukiugeuza tu, Babu, uko sawa. Akaweka kidole chini ya gumba, akasema Baba yuko hapa. Akakiburuta polepole mpaka katikati, akasema mimi niko hapa. Ni mbali, akasema. Nikasema ndiyo, ni mbali. Nilifurahi hadi nikaona vibaya kufurahi.

Jumapili, 19 Mei

Kamati imeamua. Siku ya Jimbo ni ya Bernadine.

Alikuja mwenyewe kunieleza, na keki. Anasema wanataka niwepo kila mwaka. Wataweka kiti. Nitakaa na kusimulia, kama nilivyofanya bandani, bila chokaa, bila gogo, bila kofia. Watoto wameandika kwamba sehemu waliyoipenda ni babu aliyekaa kwenye ndoo. Akarudia mara mbili: kaa tu, Gerrit, sema tu. Nikamjibu asiyekubali kushindwa si mshindani. Akasema hajawahi kusikia maneno ya busara hivyo kutoka kwangu. Alipoondoka nilianza kufikiri, na nimeligundua kosa.

Hakukuwa na farasi.

Ni wazi kabisa! Magogo yalivutwa na farasi. Mtu aliyekaa kwenye ndoo hawezi kushindana na ramani ya donge. Mtu aliye juu ya farasi, hilo ni jambo jingine. Nina mkono mmoja, lakini farasi anaongozwa kwa magoti, nimesoma mahali.

Mchana Hattie alikuja peke yake kwa baiskeli. Hajawahi. Akasimama mlangoni akizungusha kengele. Akasema kama sina kazi Jumamosi, angependa twende ufukweni kuokota mawe, yale yenye alama za matumbawe. Mimi na yeye tu. Bila watu, Babu. Bila mpango wowote. Akaniangalia sana aliposema hilo la mwisho.

Nilitaka kulia. Nikasema ndiyo, mjukuu wangu, mimi na wewe tu.

Nimekwisha zungumza na mwenye farasi. Atawaleta wawili ufukweni saa nne, na gogo. Mpiga akordioni atasimama mbali kidogo.